Wateja Waliokuwa Wakiishia Kwenye Malipo
Katika duka letu la viatu la mtandaoni hapa Nairobi, wateja wengi walikuwa wakijaza kikapu kisha wanatoweka kabla ya kulipa, na nilipowapigia simu baadhi yao niligundua kwamba bei haikuwa tatizo. Fomu iliwataka waandike msimbo wa posta na nambari ya nyumba, ilhali mkazi wa Umoja au Kawangware humwelekeza mtu kwa kutaja steji, kanisa au duka la jirani. Tuliweka nafasi moja ya maelezo ya mahali, tukaonyesha nauli ya bodaboda tangu mwanzo, na ombi la M-Pesa sasa hujitokeza lenyewe kwenye simu, likisubiri PIN tu. Wanaokamilisha ununuzi wameongezeka. Limebaki sharti la kufungua akaunti kwanza, ambalo mwenzangu analitetea na mimi, kusema kweli, sioni faida yake.