Kapo ya pikapu ya zamani: ziba nafasi kwanza, kadena baadaye

Hapa Goma kuna pikapu nyingi za Hilux na Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990. Injini bado zina nguvu, lakini serire (kitasa) ya kapo, yaani kifuniko cha injini, ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, imelegea, na mwizi wa batri anaifahamu kuliko mwenye gari. Batri yenyewe inashikwa na ekru (nati) mbili za kle (spana) ya 10 kwenye vichwa vyake, pamoja na chuma kimoja cha kuibana juu. Kapo ikishafunguka, hakuna kitu kingine cha kumchelewesha.

Wengi hukimbilia mnyororo. Wanaupitisha kwenye kalandri (wavu wa mbele ya gari), wanaufunga kwa kadena (kufuli) kubwa, wanaenda kulala. Asubuhi mnyororo upo, kadena ipo, batri haipo. Mnyororo ulikuwa na ulegevu: kapo ilinyanyuka sentimita 6 au 7, na nafasi hiyo inatosha mkono kupita na kle, au pensi ya kukata kable za batri. Ndiyo maana nasema kabla ya kuuliza ununue kadena gani, jiulize mambo mawili. Kapo ikiwa imefungwa, vidole vinaweza kuinyanyua kiasi gani? Na waya uliopindwa ncha unaweza kupenya wapi mpaka uguse kable ya serire?

Anza na serire

Fungua kapo, safisha serire kwa petroli na brashi ya waya. Vumbi la mawe ya volkano ni kali kama msasa. Likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa tope gumu linalozuia ulimi wa serire kurudi mpaka mwisho. Serire ya namna hiyo inaonekana imefunga, kumbe imeshika nusu. Baada ya kusafisha, sukuma ulimi kwa bisibisi kana kwamba kapo imefungwa, kisha mwambie mtu avute mkono wa kwenye kabine. Ulimi uruke wenyewe kwa nguvu ya resori (springi). Ukisitasita, resori imechoka au kable imeota kutu ndani ya gamba lake; badilisha. Ndoano ya pili, ile unayoitafuta kwa vidole ukitaka kunyanyua kapo, usiiondoe hata kama inakusumbua. Serire ikiachia ukiwa kwenye mwendo, ndoano hiyo ndiyo inayozuia kapo isikurukie kwenye kioo.

Kisha punguza mchezo, yaani ulegevu wa kapo. Pini ya kapo inayoingia ndani ya serire kwenye baadhi ya gari ina ekru ya kukazia: ilegeze, zungusha pini nusu mzunguko, funga kapo, jaribu tena. Tazama pia kauchu (mipira) mbili za pembeni ambazo kapo inalalia. Zikiwa zimeliwa, pembe za kapo zinashuka na kupanda, na hapo ndipo mtu anapoingiza chuma cha kupandishia. Kauchu mpya hazipatikani kirahisi. Kata kwenye tairi la zamani, unene wa milimita 10 hadi 15, funga kwa buloni (bolti) ndogo. Kipimo ni karatasi: weka kipande juu ya kauchu, funga kapo, vuta. Karatasi ikitoka bila kukwama, bado kuna mchezo. Ikichanika, umezidisha, na kapo itakuwa ngumu kufungua.

Ziba njia ya waya

Kwenye Hilux za zamani ukichungulia kwenye kalandri kwa tochi, mara nyingi unaiona ncha ya kable na mkono mdogo inaouvuta. Unachokiona wewe, mwizi anakifikia kwa waya wa milimita 4. Dawa yake ni kipande cha tole (bati la chuma) ya milimita 2, kama sentimita 20 kwa 12, kilichokunjwa pembe ya mraba na kufungwa mbele ya serire. Tumia buloni mbili za M8 (unene wa milimita 8) zenye kichwa cha mviringo, kichwa kikitazama nje na ekru ndani, ili kle isipate pa kushika. Usikipanue kufunika radiatere. Dizeli iliyobeba mzigo ikipanda kutoka Sake kwenda Masisi inahitaji hewa yote inayoipata, na tole iliyozidi itachemsha injini. Acha tundu dogo chini la kutoa maji.

Sentimita 30 za kwanza za kable, kuanzia kwenye serire, zipitishe ndani ya bomba jembamba la chuma, kisha ielekeze ubavuni mwa injini, juu, mbali na pareshoki (bampa). Isipinde kwa ghafla. Kable iliyokunjwa sana inakatika nyuzi moja moja, na siku itakapokatika yote kapo itakuwa imefungwa.

Kwa sababu hiyo, weka kable ya pili ya dharura kabla ya kuongeza kizuizi kingine chochote. Kable ya ambreaji (klachi) ya pikipiki inafaa, na Goma haikosi vipuri vya pikipiki. Ncha moja inashikwa kwenye mkono uleule wa serire, nyingine inaishia mahali ambapo mtu hafiki bila kufungua kitu, kwa mfano nyuma ya tole ya ndani ya gurudumu iliyoshikwa na buloni tatu. Iache na ulegevu kidogo isije ikavuta serire yenyewe gari likitikisika. Mahali hapo wajue watu wawili tu, na fundi wa barabarani asiwe mmoja wao.

Pini mbili na kadena

Mkono wa kufungulia kapo uko ndani ya kabine, na milango ya pikapu ya umri huu mara nyingi inafunguka kwa ufunguo mwingine uliochakaa, au kwa kuvunja kioo kidogo cha pembeni. Kwa hiyo kapo inahitaji kizuizi chake chenyewe, kisichotegemea kabine. Pini mbili za nje zikifanywa vizuri ndizo ninazozipendelea. Ziwe mbili, kushoto na kulia. Pini moja ya katikati inaacha pembe zikiwa huru, na tole inapindika kwa urahisi.

Pini iwe chuma cha duara cha milimita 16. Mafundi wengi hutumia 12 kwa sababu ndicho kilichopo karakana. Hesabu mwenyewe: kadena yenye mkono (chuma kilichopinda) wa milimita 7 inataka tundu la 8. Ukitoboa 8 kwenye 12, zinabaki milimita 2 kila upande, na pigo moja la nyundo linazikata. Kwenye 16 zinabaki 4.

Pini inasimama juu ya chuma kinachobeba radiatere. Paka grisi kwenye ncha, shusha kapo taratibu, na alama ya grisi itakuonyesha pa kutoboa. Toboa kwanza kwa 3, hakikisha kwa jicho, ndipo upanue hadi 18. Kapo haishuki wima. Inazunguka kwenye bawaba zake za nyuma, na mbele inakuja kwa mviringo kidogo. Tundu la duara kamili litakwaruza pini kila unapofunga. Lipanue kwa tupa mbele na nyuma mpaka lifike kama milimita 21, na ncha ya pini ichongwe kama penseli.

Tole ya kapo haifiki hata milimita 1. Ikiachwa peke yake, mtu ataipasua kuzunguka pini. Chini yake weka bamba la milimita 3, sentimita 6 kwa 6, na juu bamba jingine dogo zaidi, yakazwe pamoja kwa buloni nne za M6. Usiruhusu yachomelewe kwenye kapo: moto wa sudi (kuchomelea) unaikunja tole, rangi inaungua upande wa juu, na kutu inaanzia hapohapo. Kinachochomelewa ni pini tu, kwenye chuma kinene.

Kabla sudere (fundi wa kuchomelea) hajawasha mashine, mwambie: «Papa, batri itoke kwanza, na waya wa alternatere uchomolewe.» Masi ya mashine (waya wa kurudisha umeme) ishikwe kwenye chuma kilekile kinachochomelewa, kwa umbali wa kiganja, si kwenye pareshoki au injini. Umeme ukitafuta njia ndefu ya kurudi, unapita kwenye beringi na kwenye nyaya nyembamba. Radiatere ifunikwe gunia lililoloweshwa maji. Batri iliyotoka tu kuchajiwa inatoa gesi inayolipuka kwa cheche, kwa hiyo isikae hata kwenye kona ya karakana hiyo.

Tundu la kadena kwenye pini litobolewe mwisho kabisa, kapo ikiwa imefungwa na kauchu zimebanwa, ili kati ya bamba na mkono wa kadena kusibaki zaidi ya milimita 3. Chini ya kadena weka kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Bila mpira, barabara zetu za mawe zitaigongesha kadena siku nzima mpaka ichubue rangi na kupanua tundu.

Ukinunua kadena, jaribu mkono wake kwa tupa kabla ya kulipa. Chuma kilichokomazwa kinateleza chini ya tupa bila kuacha mfereji. Kikikwaruzika kama msumari, rudisha. Ndani ya tundu la ufunguo usitie grisi, inakamata vumbi. Tumia unga wa risasi ya penseli, na kifuniko cha mpira juu dhidi ya mvua. Kwenye kingo zote ulizotoboa, paka tabaka mbili za rangi ya kuzuia kutu. Moshi wa volkano unaifanya mvua ya huku kuwa kali kwa chuma.

Wenye Land Cruiser za aina ya 40, kapo yenu inashikwa na vibanio viwili vya pembeni vinavyofunguka kwa mkono kutoka nje. Hapo kazi ni fupi: toboa mkono wa kibanio na kitako chake, pitisha kadena ndogo kila upande. Tazameni pia bawaba za nyuma, ziko nje. Vichwa vya buloni zake vibadilishwe viwe vya mviringo.

Batri yenyewe

Batri ibanwe kwa bamba la chuma la milimita 30 kwa 4, likipita katikati ya batri mbali na vichwa vyote viwili, limevikwa mpira mnene, limeshikwa na nondo mbili za M10 zenye uzi, moja ikiishia kwenye kadena. Litoke na kurudi bila kugusa kichwa cha chanya hata kle ikiteleza. Ukifungua batri, hasi itangulie kutoka na iwe ya mwisho kurudi. Chora namba ya gari kwenye ganda kwa msumari, juu juu tu. Chuma cha moto kitatoboa plastiki, na ndani kuna asidi.

Usiku, ukiingiza gari kwenye parsele (kiwanja cha nyumba), pua iangalie ukuta kwa karibu kiasi kwamba mtu hawezi kusimama mbele ya kalandri. Sentineli (mlinzi) aonyeshwe pini zilivyo zikiwa zimefungwa, ili akipita na tochi ajue anatazama nini.

Baada ya safari ya kwanza kwenye barabara mbaya, kaza upya buloni zote nane za mabamba, rudia kipimo cha karatasi, na vuta kable ya dharura mara moja kuona kama bado inafungua.