Mai Haya Yana Munyu

Nimelala nalo, nimeamka nalo, na si jambo kubwa. Wiki hii mdogo wangu ameposwa, kifungua mimba wangu amepata nafasi chuo kikuu Mombasa, na wodini tumelaza watu hadi kwenye magodoro ya chini. Lakini kila nikikaa kitako nikashusha pumzi, ninayemsikia ni bibi wa mlango wa pili akisema, "Mimi nitafundisha nini? Sikusoma."

Mnamjua. Tangu atoke eda amekuwa mtu wa salamu tu. Miezi minne na siku kumi ilikwisha, watu wakapunguza kwenda kumtazama, yeye akabaki na tasbihi yake, mlango umerudishwa. Presha ikapanda. Dawa anakunywa, hilo nina hakika nalo kwa sababu vidonge namhesabia mwenyewe. Nilikuwa nimemsihi sana aje nasi kwenye shamba letu la mtaa, kule nyuma ya mtaa wa Langoni, hapa Lamu, na kila mara jibu lilikuwa inshallah ile ya kumaliza maneno. Jumamosi akaja, na buibui lake, na kata ya kifuu mkononi.

Watoto wa 4-K, klabu za kilimo za shule, walikuwa wakichimba tuta la maharagwe. Klabu hizo ni zile zile za wazazi wetu, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilizofufuliwa mashuleni mwaka 2021, na watoto wetu wamezishika kwa moyo. Wana madaftari, wana mpango, na mpango ulisema maharagwe. Bibi hakuuliza habari ya mpango. Alikwenda kisimani, akateka, akachovya kidole, akakiweka ulimini, akatema pembeni.

"Mai haya yana munyu. Maharagwe hayatashika."

"Tupande nini, bibi?"

"Spinachi. Na mai mteke alfajiri, kabla watu hawajawasha pampu zao."

Ni kweli tupu. Maharagwe ni katika mimea inayoshindwa upesi kabisa na chumvi, na spinachi huivumilia. Maji yetu nayo ni mvua iliyozama kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Matamu ni mepesi, kwa hiyo hukaa juu ya maji ya bahari huko chini ya ardhi, na yakivutwa kwa pupa ya chumvi hupanda. Usiku watu wakilala kisima nacho hupata nafuu. Mimi niliyasoma haya ukubwani. Yeye ameteka maji kisiwa hiki tangu hajavunja ungo.

Nikamwambia, "Basi Jumamosi utakuwa ukitufundisha wewe."

Hapo ndipo alipolitoa lile neno. "Mimi nitafundisha nini, mwanangu? Sikusoma." Akavuta buibui lake kama mtu anayetaka kwenda zake.

Tangu siku hiyo namjibu kichwani. Namjibu nikifunga vidonda, namjibu nikikuna nazi. Bibi, wewe umehitimu Kurani chuoni ukiwa mtoto. Bibi, Kiswahili unakisoma kwa herufi za Kiarabu, barua za marehemu mumeo alizokuandikia safarini ulizisoma mwenyewe, hukumpelekea mtu. Kasida unazo kwa moyo kuliko maimamu wawili watatu ninaowajua. Nani alikuambia hukusoma? Kwa kuwa hukuvaa sare ukakaa kwenye dawati? Linaniuma, kwa sababu hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anavyotaja mtaa wake.

Lakini watoto hawakulisikia kama nilivyolisikia mimi. Binti mmoja, mikono imejaa udongo, alimfuata palepale. "Bibi, na samadi hii imeiva?"

Bibi akainama. Akaliokota bonge la mavi ya punda, akalipasua kwa vidole viwili, akanusa. Ndani lilikuwa bado kijani, nyuzi za majani zaonekana.

"Bado hii. Ina moto ndani, itaunguza miche. Ifunike, muiache mpaka isinuke."

Binti akaandika. Bibi akamsimamia, akatazama kalamu inavyokwenda, kisha akasema, "Soma nisikie."

"Samadi ifunikwe wiki mbili."

"Mimi nimesema wiki mbili? Nimesema mpaka isinuke. Futa."

Akafuta, akaandika upya, akasoma tena. Bibi akaitikia kwa kichwa, akaendea tuta la pili. Hakuondoka hadi adhana ya adhuhuri, na maharagwe yakarudi kwenye mfuko.

Sisemi shamba ni dawa. Vidonge vyake anaendelea navyo, na mashine nitamfungia mkononi kama kawaida. Ila Jumanne nikirudi zamu nilikuta mlango u wazi, amekaa dakani, pale barazani mlangoni, anachambua mbegu za mrehani kwenye ungo, na watoto wawili wamemkalia ubavuni wakibishana ipi kavu, ipi pepe. Alinifukuza nisisimame kwenye mwanga wake. Nimefurahi hadi nikasahau mkate niliotumwa.

Sasa masika hayo yanakuja, na boriti moja ya chumba cha juu kwa mama imeanza kumwaga vumbi la chokaa usiku. Dari ile ni ya mawe, mnajua uzito wake. Fundi amesema Ijumaa. Mama amekataa kata kata kuhamishia kitanda chini.