Kuupanda Mto Simiyu wakati wa masika

Aprili 2012 nilikuwa Magu, mkoani Mwanza, nikifundisha jiografia kwa kujitolea katika shule moja ya sekondari. Kwetu ni Kilifi, ng'ambo ya mpaka. Shule zilipofungwa kwa likizo ya Pasaka, mimi na walimu wenzangu wawili tulichanga pesa tukakodi mtumbwi wa kutupandisha Mto Simiyu kutoka Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Tulitaka kuuona ukiwa umejaa. Kiangazi mto huu hubaki na maji machache sana, lakini masika yakikolea, maji yanayotoka pande za Maswa na Bariadi, nchi ya pamba na ng'ombe, hushuka na udongo mwingi. Pale yanapoingia ziwani unauona mpaka kwa macho: huku rangi ya chai ya maziwa, kule maji ya ziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nani hajui kuogelea?"

Mzee mwenye mtumbwi hakuuliza ili amwache mtu mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Alikuwa anapanga nani akae wapi. Asiyejua alikaa kibao cha katikati, mbali na injini na mbali na kamba ya nanga. Jaketi okozi tulifunga tukiwa bado nchi kavu, na hakuna aliyebisha. Pande za Mwanza mtu haelezwi sababu: Mei 21, 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika, na watu zaidi ya 800 wakapotea.

Mtumbwi ulikuwa wa mbao, urefu wa mita 8 hivi, na injini ya nguvu za farasi 15. Ni injini ya kuchanganya oili: lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Oili ikipungua, pistoni inakwaruza silinda. Ikizidi, plagi inashika masizi na injini inakufa mahali ambapo mkondo hauna huruma. Mzee alimimina oili kwanza, akaongeza petroli kidogo, akalitikisa dumu, ndipo akalijaza. Ndani ya mtumbwi tulikuwa na plagi ya akiba na spana yake, nanga, kamba ya mita 20, kopo la kutolea maji, kafi mbili na upondo, mti wa kusukumia mtumbwi, wa mita 4. Sehemu kubwa ya mto tuliipita kwa upondo.

Tuliondoka saa 12 na nusu asubuhi, kwa sababu ya upepo. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana hugeuka, na ikifika alasiri mawimbi yanasukumwa moja kwa moja kuelekea mdomo wa mto. Pale mdomoni pana fungu la mchanga ambalo mto wenyewe umelijenga. Mkondo unatoka, wimbi linaingia, vinakutana juu ya fungu hilo, na maji yanainuka mafupi, yamesongamana, bila nafasi ya mtumbwi kupumua kati ya wimbi moja na jingine. Mtumbwi wa wazi hujaa hapo haraka sana. Asubuhi ile tulivuka bila kulowa, mzee akipima kina kwa upondo na kufuata mahali ambapo maji yalikuwa meusi zaidi.

Ukishavuka fungu, mafunjo yanakuzunguka kila upande, na gugumaji linashuka kwa mabonge. Nilikaa tezi, nyuma ya mtumbwi, karibu na injini. Injini ya aina ile ina tundu dogo linalotema maji mfululizo. Ule mchirizi ndio unaokuambia kwamba pampu inavuta maji ya kupoza. Ghafla ukapungua, ukawa matone. Mzee aliizima injini kabla sijamaliza kumwambia. Akatupa nanga, hakufunga kamba kwenye mafunjo, kwa kuwa maji yakijaa mafunjo hukatika kipande kizima na kuondoka, na ukijifunga humo utaondoka nayo. Kisha akainua injini mpaka pangaboi likatoka nje ya maji. Mkono hauingizwi majini hata kidogo. Mamba hulala kwenye vivuli vile. Kwenye tundu la kuvutia maji palikuwa pamejaa mizizi myembamba ya gugumaji na kipande cha mfuko wa nailoni. Alivichomoa kwa spoku ya baiskeli, akazungusha pangaboi kwa mkono kuhakikisha halijafungwa na uzi wa nyavu, akawasha, mchirizi ukarudi. Angeendelea dakika chache tu, mpira wa pampu ungeungua, kisha gasketi.

Kuanzia hapo tulipanda polepole. Kwenye kona, maji ya upande wa nje yana kasi na kina, na kingo zake zinamomonyoka. Upande wa ndani yametulia, ila kuna mchanga. Mtumbwi unakaa katikati ya hayo mawili, ukiegemea ndani, na ukitaka kuvuka kwenda ng'ambo omo, yaani mbele ya mtumbwi, inaelekezwa juu ya mto kwa mshazari. Ukiuacha mkondo uupige ubavu, umekwisha.

Kona moja ilikuwa na viboko. Tuliona mapovu kwanza. Mzee aliturudisha nyuma, tukasubiri waibuke, maana kiboko hukaa chini dakika tatu mpaka tano na huwezi kujua wako wangapi mpaka wote wavute pumzi. Alipokwisha kuwahesabu, aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili wajue tulipo, akapita upande wa maji mafupi. Kiboko akishtuka hukimbilia kina, na mwenye kumzibia njia ya kinani ndiye anayepinduliwa.

Juu ya mafunjo mto ulikuwa umefurika na kuingia kwenye majani, na humo ndimo tulimowaona ningu. Ni samaki wa kijivu mwenye midomo minene iliyoelekea chini, anayekwangua chakula chake kwenye mawe na tope. Huishi ziwani, ila mvua zikianza hupanda mito kwa makundi kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Walikuwa wanapita karibu kabisa na ubavu wa mtumbwi, mapezi nje, majike matumbo yamejaa. Mwenzangu mmoja aliuliza kama tungeweza kupata wa kitoweo.

"Huyo ana mayai, mwanangu. Mwache apite."

Kabla sangara hajaletwa katika miaka ya 1950, ningu alikuwa samaki wa biashara mwambao huu. Alianza kupungua mapema, kwa sababu nyavu zilitegwa midomoni mwa mito majira haya haya ya kupanda. Na siku ile, mita chache kutoka tuliposimama, wavu ulikuwa umekazwa kutoka ukingo mpaka ukingo. Uliniuma, na bado unaniuma. Wavu wa ziwani huchukua baadhi. Wavu unaoziba mto wakati wa kutaga huchukua wote, pamoja na wa miaka inayokuja.

Kushuka kulitaka umakini zaidi. Mtumbwi lazima ukimbie kasi kidogo kuuzidi mkondo, la sivyo usukani haushiki. Saa 5 tulikuwa tumeshavuka fungu la mchanga, upepo ukianza kugeuka.

Mwaloni tulikanyaga maji mafupi yaliyotuama kwenye majani, yenye konokono, kwa hiyo tulijikausha miguu kwa taulo papo hapo. Hiyo hupunguza hatari ya kichocho, haiiondoi. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa lakini si michanga, ndiyo maana tuliambiwa tusiimeze wiki ile bali wiki 6 hadi 8 baadaye. Hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600. Muhula ulipofika katikati tulikwenda zahanati wote watatu, tukapanda mizani kwanza, kisha tukameza baada ya kula.