"Sawa" ya mume wangu

Mwaka wa 28 wa ndoa yetu nilikuwa nimeshaamini moyoni kwamba mume wangu amenichoka. Nikimwambia jambo, ananijibu "sawa", kisha halifanyiki. Nikimuuliza, anasema sikumwambia. Nikawa nazihesabu hizo "sawa" zake kama mtu anayehesabu madeni.

Kilichotufikisha kwa daktari ni usiku aliokuja mdogo wangu. Basi lake lilikuwa linafika stendi saa tatu. Mimi naosha vyombo, bomba linamwaga maji, nimempa mume wangu mgongo. Nikasema, "Mimi sitakwenda kumpokea." Akajibu, "Sawa." Saa tano mdogo wangu akapiga simu analia, amekaa juu ya begi lake peke yake. Natoka chumbani namkuta mume wangu sebuleni, viatu kavua. Kila mmoja alijua mwenzake ameshaondoka kitambo. Yeye alisikia "nitakwenda".

Tuliyoambiana usiku ule sitayaandika hapa.

Kwa daktari wa masikio walimkalisha kwenye kijumba chenye kioo, wakamvisha vya masikioni, wakampa kitufe: abonyeze kila akisikia mlio. Nikawa namwangalia kidole gumba. Mwanzoni kilibonyeza bila kusita. Milio ilipozidi kuwa myembamba, kidole kikatulia juu ya kitufe. Taa ya mashine upande wangu ilikuwa inawaka, maana yake mlio unatoka. Yeye kainamisha kichwa, kakunja uso, anautafuta. Kidole hakikushuka. Nililia pale pale nilipokaa.

Masikio yakizeeka, zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba: s, f, sh, th. Irabu hubaki. Kwa hiyo alikuwa anasikia kwamba nasema, ila hasikii nasema nini, na nikipaza sauti nazikuza zile irabu ambazo tayari anazo. Sasa fikiria Kiswahili chetu. Nitakuja, sitakuja. Nipo, sipo. Kukataa kwangu kote kumebebwa na herufi moja, na ndiyo hiyo iliyompotea. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 usikivu wao umepungua kiasi cha kuathiri maisha yao. Ndani ya hizo nyumba wangapi wanadhani wamechokwa?

Hata hivyo siwezi kuyatupia masikio yake lawama yote. Kwa nini sikumalizia, "Nenda wewe"? Jirani ningemwambia saa, mahali, na rangi ya begi. Mume wangu nilimpa nusu sentensi, nikaamini miaka 28 itamjazia iliyobaki. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa mwaka 2011 wa Kenneth Savitsky na Boaz Keysar wa Marekani: wanandoa waliamini wanaelewana kuliko wanavyoelewana na watu wasiowajua, lakini walipopimwa hawakuwazidi. Nilijiona humo.

Naye alikuwa na lake moyoni. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Mimi nilijua umeanza kuninong'onea kwa dharau." Akikosa kusikia mara ya kwanza aliuliza, mara ya pili aliuliza, na ya tatu aliona aibu. Hapo ndipo "sawa" ilipokuwa inatoka. Miaka yote hiyo nimeichukulia kama ahadi, kumbe ilikuwa aibu!

Siku hizi anavaa vifaa vya kumsaidia kusikia, na mimi nimeacha kuzungumza na mtu aliye chumba kingine. Namfuata alipo, aone mdomo wangu.

Jana usiku alikuwa ameshavivua, kalala kanigeuzia mgongo. Nikasema kitu. Akajibu, "Sawa." Niliwasha taa, nikazunguka kitanda hadi upande wake, nikachuchumaa usawa wa uso wake, nikaanza upya.