Mama anaishi peke yake Wete, na mtuache

Nimechoka kuulizwa kwenye kila shughuli, "mama umemuacha na nani kule Pemba?" Yuko nyumbani kwake. Kapita 70 kitambo, akili timamu kutushinda sisi, ni presha tu na magoti. Eti nimlete Dar, ashinde ghorofa ya tatu Kariakoo anaongea na nani, ukuta?

Shangazi ndo kaleta wazo la dada wa kazi. Haya, akaletwa, mshahara juu yangu. Jamani! Mama hataki mtu aguse sufuria zake, kwa hiyo yule binti kazi yake ikawa kukaa barazani anasuka ukili, akiamka anakuta chai tayari, mchana anapikiwa, akiumwa tumbo mama ndo anamkanda, yaani mimi nalipa ili mama apate mtu wa kumtumikia. Siku moja napigiwa simu, mama kafurahi kweli, nitume hela ya kanga haraka, kamtafutia binti mchumba na nikah ni Ijumaa. Dada wa kazi kaondoka kwa vigelegele.

Hapo nikapata akili. Mama hatunziki, ila kutunza wengine ndo raha yake. Zamani alikuwa anapika vitumbua, basi nikapanga na mwenye duka wa pale jirani aende na shida zake: "Bi mkubwa, wateja wananisumbua wanataka vitumbua vyako." Kila asubuhi saa 12 na nusu kijana wa duka anapitia ndoo barazani. Ikiwepo, mama mzima. Isipokuwepo anapiga hodi, asipoitikiwa anamuita jirani mwenye ufunguo wa akiba na kunipigia mimi. Mama anajua ni biashara, na ni biashara kweli.

Chooni fundi alitaka kuweka tailizi za kung'aa, nikakataa, nikataka saruji iliyochanwa kwa ufagio na bomba la chuma ukutani. Mkalishe mzee mwenyewe kabla hawajatoboa, maana fundi atapima kwa urefu wake. Ilikula laki na ushee hivi. Smatifoni niliyompelekea ilikaa kabatini imefungwa kwenye kanga isije ikaharibika, kitochi ndo mpango, anaganda kwenye 2 inaniita mimi, 3 inamuita dada yangu.

Halafu pensheni jamii, kuna watu bado wanadhani ni ya waliofanya kazi serikalini, wakati ni ya wazee wa Zanzibar wa kuanzia miaka 70 hata kama maisha yao yote walikuwa shambani. Ilianza 2016 kwa elfu 20 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi elfu 50. Anzia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, ila kwanza soma mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho cha Mzanzibari, wazee wengi miaka yao ilikisiwa tu.

Ya mama yote inaishia kwenye mchele na nazi. Juzi kapandisha bei ya vitumbua, mwenye duka kanipigia analalamika, nimemwambia akamalizane na mama mwenyewe.