Baba yuko njia ya Kongo, mi na watoto tuko Kibaha

Kuna dada tulikaa naye kwenye benchi la kliniki tukisubiri watoto wapimwe uzito, mumewe ndo kaanza kazi ya lori mwaka huu, akaniuliza we unawezaje na hawa wawili peke yako. Pale nilimjibu kifupi maana zamu yangu ilikuwa imefika, kwaiyo nimekaa leo niliandike vizuri, kwa ajili yake na kwa mwingine yeyote mwenye mume wa masafa.

Baba watoto anaendesha semi, lile lori refu la tela. Anapakia bandarini Dar anapeleka Lubumbashi, mara nyingi zaidi Kolwezi, na akirudi anarudi na shaba. Mkubwa wetu ana miaka mitano, mdogo anakaribia miwili. Watu wanadhani safari ya hivi unaihesabu kwenye kalenda, nenda rudi basi. Haihesabiki. Dar mpaka Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900, njiani kuna mizani, kuna mlima Kitonga ambako lori moja likifa kwenye kona wote wanalala hapohapo, kufika Tunduma mpakani foleni, avuke Nakonde upande wa Zambia, aikate Zambia, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Chingola, halafu Kasumbalesa, mpaka wa kuingia Kongo, tena foleni nyingine ambayo hakuna anayejua itaisha lini. Ndo maana mi siwaambii watoto baba anarudi Jumamosi. Mtoto wa miaka mitano ukimwambia Jumamosi anaishika kweli, ikifika na mtu hayupo analia, na ile ya pili hakuamini tena.

Badala ya siku tunatumia miji. Nimemchorea mkubwa mstari mrefu kwenye boksi la katoni nimelibandika ukutani, Kibaha huku, Kolwezi kule, katikati majina ya sehemu zote, baba akifika mahali anatuma sauti WhatsApp na mtoto anasogeza kibanio cha nguo mpaka hapo. Hajajua kusoma vizuri ila Makambako anaijua ilipo. Kibanio kikikaa Kasumbalesa muda mrefu anaona mwenyewe kwamba baba amekwama, hajatusahau, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa kwa mtoto. Hapa Kibaha malori yote ya Morogoro Road yanatupitia, na kila honi mdogo anasema baba, sasa bila ule mstari sijui ningemweleza nini mkubwa.

Simu za usiku tumeziacha. Zambia na upande ule wa Kongo wako nyuma yetu saa moja, yeye anapaki saa mbili anaona bado mapema, huku kwetu ni saa tatu watoto wameshalala, ukiwaamsha waongee na baba hawalali tena mpaka saa tano na we kesho una kazi. Anarekodi sauti, asubuhi wakati wa uji nawafungulia, wanamjibu midomo imejaa uji, namtumia hivohivo.

Hela nitasema kidogo tu. Kodi, gesi, LUKU ya umeme na ada ya chekechea vinalipwa kabla hajapakia, sio akifika. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo siku kadhaa kwa ule mgogoro wa Kongo kuzuia soda na bia za kutoka nje, malori yakasimama, sasa fikiria uko nyumbani unasubiri mileji, ile hela ya safari ya dereva, ndo ununue maziwa. Na vilevile uwe na mchezo wa akina mama au kikoba ambacho unaweza kukopa bila kumsubiri mtu aliyeko porini hana mtandao.

Ila usiku wa ugonjwa ndo mtihani wenyewe. Na ukitaka nikwambie ukweli shida kubwa sio yule anayeumwa, shida ni yule mzima aliyelala. Mdogo akipanda homa saa nane za usiku, mkubwa unamwacha na nani? Hili linatakiwa liwe na jibu mchana, mkiwa wazima wote. Mi jirani yangu ana ufunguo wangu na mi nina wake, tumekubaliana kugonga dirisha saa yoyote bila kuomba samahani, na kuna bodaboda mmoja mtu mzima mwenye familia namba yake iko juu kabisa kwenye simu. Mfuko uko nyuma ya mlango na kadi za kliniki, khanga, hela ya dharura. Uzito wa kila mtoto nauandika kila tukitoka kliniki maana dozi nyingi za watoto zinakwenda kwa kilo, hata mseto, zile dawa za malaria, ni hivo, mtoto wa kilo 5 mpaka hajafika 15 ni kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu, akifika kilo 15 inabadilika, ukiulizwa usiku ule useme "kama kumi na kitu" haisaidii. Na mseto wenyewe usianze bila kupima, hata kama jirani anao kabatini. Kwa kuharisha ndani hakikosi ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji, na zinki, pakiti ile kubwa ya ORS ni lita moja kamili ya maji safi, sio kikombe, na zinki unaendelea nayo mpaka imalizike hata choo kikikaa sawa. Haya yote nimeelekezwa na manesi na nimeyashika kwa sababu usiku ule hakuna wa kumuuliza "mama fulani, tufanyeje".

Kuhusu maneno ya watu, mara mume wa njiani sio wako, hayo niliongea na mwenyewe, tukaenda kupima wote wawili, yakaisha. Siwapi watu nafasi.

Sasa lililonifanya niandike hasa ni hili, kurudi kwake. Kila mtu anakupa pole siku anayoondoka, hakuna anayekwambia kwamba nyumba inapata tabu zaidi siku anayorudi. Mdogo anamkimbia. Baba wa watu katoka Kolwezi na hamu yake, anamnyanyua, mtoto anapiga yowe anataka mama, na mi naona kabisa uso wa mwenzangu unavyobadilika. Mkubwa naye kwa raha anapewa soda, anaangalia katuni mpaka usiku, nikisema kalale ananiambia baba kasema. Kwaiyo tunaongea kabla, akiwa Iringa au Morogoro ananipigia namweleza yaliyobadilika, nani kaacha nyonyo, nani anaogopa giza, saa ya kulala ni ipi. Mdogo hanyanyuliwi, baba anakaa chini kwenye mkeka anachezea kitu mpaka mwenyewe amsogelee. Sheria mpya hakuna, ila pia asikae kama mgeni wa kupikiwa pilau, awaogeshe, ampeleke mkubwa chekechea. Na sisi akina mama tuache ile ya "subiri baba yako aje nitamwambia", mtoto akisikia hivo mwezi mzima atamfurahiaje huyo baba?

Kuhusu kuondoka kwake, tunabishana na mama mkwe mpaka leo. Yeye anasema mwanawe atoke usiku watoto wamelala, wasilie. Namheshimu sana mama, kalea wengi na mumewe alikuwa reli, lakini kwa hili nimekataa. Mtoto aliyelala na baba akaamka hayupo anaanza kuogopa kulala, na anayekaa na hofu hiyo usiku wa manane ni mimi. Anaaga mchana, begi wanaliona likifungwa, mkubwa ndo anarudisha kibanio mwanzo wa mstari, wakilia wanalia na yeye yupo hapohapo anawabembeleza, kisha anaenda kuchukua gari.