Wanorwei na mkazo wa mwanzoni

Nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Moshi, na msimu huu wengi wao ni Wanorwei wanaojitolea hospitalini. Wakisoma neno refu nakaa mkao wa kusubiri: "mwánafunzi", "kíamshakinywa". Mkazo wote mwanzoni, badala ya silabi ya pili kutoka mwisho kama tusemavyo sisi, kisha neno linateremka lenyewe kama pikipiki iliyozimwa injini mteremko wa Kibosho.

Kisa chake ni lugha yao. Kinorwei huunga maneno na kuyaandika pamoja, na kwa kawaida mkazo mkuu hukaa kwenye sehemu ya kwanza. Hospitali ni sykehus: syke ni wagonjwa, hus ni nyumba, mkazo uko kwenye sy. Ulimi wangu ukiona silabi tatu unakimbilia ya katikati, "sykéhus", nao wanacheka. Tumelipana.

Kwao mkazo huo si pambo. Lammelår ni paja la mwanakondoo. Yatenge maneno, lamme lår, kila moja lipewe mkazo wake, umeagiza mapaja yaliyopooza! Røykfritt ni mahali pasipovutwa sigara. Røyk fritt ni ruhusa ya kuvuta upendavyo. Ndiyo maana kuna Wanorwei wanaokereka kweli wakiona bango lililotenganisha maneno ovyo.

Na silabi je? Sisi tunakata mwa-na-fu-nzi bila kujali neno limeungwa wapi. Wao lazima wakijue kiungo. Busstopp, kituo cha basi, ni buss na stopp. S tatu zimekutana, moja ikaachwa, lakini neno likikatwa mwisho wa mstari inarudi: buss-stopp. Hapo nimewavulia kofia.

Kuna na toni. Mmoja alinitamkia bønder, wakulima, na bønner, maharage. Kwa lafudhi yake kinachoyatofautisha ni mpando na mshuko wa sauti tu, nami nikaukamata papo hapo. Shukrani kwa bibi yangu wa Machame. Kichagga nacho kina toni.

Darasani sasa tunaanzia mkiani: fúnzi, nafúnzi, mwanafúnzi. Sóko, halafu sokóni, waone mkazo unavyohama. Barabára na barábara nimeziweka kiporo, nisiwachanganye mapema. Mwanafunzi neno limekubali. Kiamshakinywa bado kinagoma, kwa hiyo nimewaambia wakifika mgahawani waagize tu chai na chapati.